Mtaalamu Amesema Tungoje

Kituo cha Afya, chumba cha chanjo
Jumanne, 4 Machi

Kaka yangu,

Simu yako haipatikani, leo siku ya tano. Basi nakuandikia kama zamani, ulipokuwa chuoni nami nikikuandikia kukuomba soksi. Barua hii nampa dereva wa gari la chanjo. Ni mtu wa maneno mengi, lakini ni mwaminifu. Kila wiki anapita mjini kwenu kuchukua dawa, na akirudi anaweza kubeba jibu. Usimwache arudi mikono mitupu.

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Daftarini nilikuwa na watoto sitini na watatu wa kuchomwa sindano ya surua, kwa chanjo ya zile chupa mpya tulizoletewa. Wamekuja tisa. Nimeshinda na boksi la baridi miguuni kama muuza maji aliyekutana na mvua. Saa nne nikatoka nje kuuliza kulikoni. Langoni nikamkuta mshona nguo mmoja ambaye sote hapa tunamwita Mama Pacha. Ana wavulana wawili wa miezi kumi, mmoja mgongoni, mmoja kifuani. Mwezi jana walikosa kwa sababu ya mafua, nami nilimsihi leo asikose. Na alikuwa amefika, kaka! Kadi zote mbili mkononi. Ila mguu ulikuwa nje ya lango.

"Ingia basi, mama," nikamwambia.

"Sista, utanisamehe. Mtaalamu amesema tungoje."

"Mtaalamu gani?"

Mama mwenzake aliyesimama naye akanitegea simu sikioni. Kwanza mtangazaji: "Huyu hapa daktari bingwa." Kisha sauti ninayoijua hata ikikohoa tu: "Mimi kama ningekuwa na mtoto mchanga leo, hizi chupa mpya, ningesubiri kwanza." Basi, imekwisha. Sekunde kumi na moja. Wanasema imeshazunguka kila simu ya mtaa.

Sikumwambia kwamba huyo bingwa ni kaka yangu wa tumbo moja, na kwamba ubingwa wake ni wa mifupa. Akageuka, akaenda zake na pacha wake wawili.

Niambie ni wewe au si wewe. Kama ni wewe, ulikuwa unasema nini?

Mdogo wako,
Sindano


Nyumbani
Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu Sindano,

Ni mimi. Lakini walinikata. Mazungumzo yalikuwa marefu, mimi nikaeleza mambo mengi ya maana, wao wakachukua kipande kimoja wakakitembeza uchi. Unawajua watu wa redio. Wameninunisha mpaka leo.

Simu nimeizima kwa sababu inalia tangu asubuhi hadi jioni. Wanaonipigia si wa kunilaumu, laiti ingekuwa hivyo. Wananipongeza. Mtu nisiyemjua anasema, "Daktari, umetuokolea watoto wetu." Jana jirani amegonga mlango na kuku mzima mkononi. Nimemwambia arudi naye. Akanijibu, "Na mnyenyekevu pia!"

Usiwe na wasiwasi, hili ni jambo la siku mbili tatu. Watu watasahau, watapata jingine la kusikiliza. Na nimeshaamua: wiki hii naenda studio kusahihisha. Waambie akina mama walete watoto, chupa mpya hazina neno.

Watoto wangu wazima, mkwe wenu mzima, mjukuu anatembea kwa kushika kuta. Wanakusalimu.

Kaka yako


Kituo cha Afya
Jumatano, 19 Machi

Kaka,

Nimewaambia. Unajua wananijibuje? "Sista, wewe umeajiriwa useme hivyo. Yule hajaajiriwa na mtu." Na ni kweli umestaafu. Kwa hiyo miaka yangu ishirini na miwili katika chumba hiki haifui dafu mbele ya sekunde zako kumi na moja.

Sasa nisikilize. Karani wetu wa mapokezi hurekodi vipindi vya redio avisikilize akipanga mafaili. Alikuwa na kipindi chenu chote, dakika arubaini. Nimekisikiliza mwanzo hadi mwisho, nikiwa nimekaa juu ya kreti. Kaka, hawakukukata. Ulizungumza dakika thelathini na nane juu ya magoti na viuno, ukazungumza vizuri mno. Mwishoni mtangazaji akakuuliza, kama kwa kupitia tu, habari ya chanjo mpya, ukasema maneno yaleyale. Hakuna kilichokuwa mbele wala nyuma yake. Na alipokuita daktari bingwa bila kutaja mifupa, ulicheka kidogo. Nilikusikia ukicheka.

Mimi si hakimu. Lakini usinidanganye, maana mimi ndiye ninayekaa na watu hawa.

Jambo lenyewe ni hili: surua imeingia. Watoto watatu kutoka mtaa wa nyuma ya soko, macho mekundu, vipele vimeanzia nyuma ya masikio. Wote watatu wamo katika daftari langu, wote watatu walikuwa wa tarehe nne.

Ulisema utakwenda studio. Umekwenda?

Sindano


Nyumbani
Jumanne, 25 Machi

Mdogo wangu,

Ni kweli. Hawakunikata. Nilipoandika vile nilikuwa nimeshajiaminisha mwenyewe.

Nilikwenda studio siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimeandika karatasi nzima: kwamba mimi ni daktari wa mifupa, kwamba chanjo hii imepimwa, kwamba nilikosea. Mtangazaji alinipokea kwa furaha iliyonitia shaka. Tulipoingia hewani nikasoma mstari wa kwanza tu, akanikatiza.

"Daktari, wiki tatu zilizopita ulisema tusubiri. Leo unasema tusisubiri. Kuna mtu amekuja kuzungumza nawe?"

"Hakuna mtu. Nilikosea."

"Hakuna mtu kabisa? Hata kutoka serikalini?"

"Hata mmoja."

"Wasikilizaji, mmemsikia. Anasema hakuna mtu." Na akanyamaza, Sindano. Alinyamaza sekunde tano nzima. Sikujua kama ukimya unaweza kusema hivyo.

Habari iliyotoka jioni ile ilikuwa: "Mtaalamu abadili kauli, adai hajatishwa."

Jumamosi nikaenda kunyoa. Kinyozi akawasimamisha watu waliotangulia akaniweka mimi kitini. Akaniinamia sikioni. "Mzee, tunajua wamekubana. Huna haja ya kusema. Konyeza tu tutaelewa." Nikamwambia sijabanwa na yeyote. Nywele zilikuwa zinaniingia machoni, nikapepesa. Kibanda kizima cha kunyolea kikaguna kwa pamoja: "Ahaa."

Nikisema ngojeni, wanangoja. Nikisema msingoje, wanangoja zaidi. Nikinyamaza, wanasema nimenyamazishwa. Nimejaribu kutafuta mlango mwingine nje ya hii mitatu, sijauona. Siku nzima nazunguka sebuleni, mke wangu ananiambia nitatoboa zulia.

Hao watoto watatu wanaendeleaje? Na yule mama wa pacha, alirudi?

Kaka yako


Wodi ya watoto
Jumatano, 2 Aprili

Kaka,

Tazama nilipoandikia. Wamefika kumi na wanane. Mganga mkuu amegawa wauguzi: walioingia wodi ya surua wasitoke, wasije wakapeleka ugonjwa kwa watoto wachanga upande wa uzazi. Tupo wauguzi wawili, na akina mama. Chakula kinapitishwa dirishani, nguo chafu zinatoka dirishani, na barua hii dereva ataipokea dirishani. Mlango umefungwa kwa komeo la nje. Leo siku ya sita. Chumba kina vitanda kumi na viwili. Nimeshajua kila ufa wa ukuta.

Ndiyo, Mama Pacha amerudi. Amewaleta wote wawili Ijumaa. Mdogo ana homa na kikohozi cha kawaida cha surua, huyo sina hofu naye sana. Mkubwa imemshuka mapafuni. Anapumua kwa mbavu. Mama yao analala sakafuni kati ya vitanda viwili, mkono mmoja huku, mmoja kule.

Hajui, kaka. Hajui wewe ni nani wangu. Jana alinikuta nasoma barua yako akaniuliza, "Nyumbani wazima?" Nikasema wazima. "Ni mume?" Nikasema ni ndugu. "Anafanya kazi gani?" Nikamwambia umestaafu. Kisha nikajifanya natafuta kipimajoto, nacho kilikuwa mfukoni.

Wenzake wodini wanakutukana kutwa. Yeye hakutukani. Husema tu, "Mimi nikimwona yule mtaalamu nina swali moja." Halafu anageuza mtoto upande wa pili. Nami nipo palepale, nimeshika mpira wa hewa, sina pa kwenda. Hata ningetaka kutoka nje nipumue, siwezi.

Nakuomba usirudi redioni. Kila ukifungua mdomo, watu wanapungua langoni kwetu.

Sindano


Nyumbani
Jumapili, 6 Aprili

Sindano,

Dereva amesema anaondoka sasa hivi, ameacha injini ikiunguruma.

Naweza kuja. Niko tayari kesho. Nitakaa hata nje ya dirisha. Niliwahi kufanya wodi ya watoto miaka miwili kabla sijaenda kwenye mifupa, sijasahau yote. Mpeni dawa ya mapafu kwa mshipa, msimpe ya kunywa. Mweke akiwa ameinuliwa kichwa. Vitamini A, ile ya macho, mmewapa? Samahani, najua mmewapa.

Swali lake ni lipi?

Kaka


Wodi ya watoto
Ijumaa, 11 Aprili

Kaka,

Pacha mkubwa amefariki Jumanne saa tatu asubuhi.

Tulimpa dawa kwa mshipa. Tulimwinua kichwa. Hakuna ambalo hatukulifanya. Hata mama yake anasema hivyo, na hilo linaniumiza kuliko angenilaumu.

Hawakumruhusu kwenda kuzika. Mdogo bado anaumwa, na yeye amefungiwa humu kama sisi. Baba wa watoto alikuja chini ya dirisha, akapitishiwa mtoto amefungwa shuka. Mama yake akabaki amesimama ndani, kiganja chake kwenye kioo, mpaka hatukuona mtu tena njiani.

Sasa kuna la pili. Jana dereva alileta barua yako, baada ya kuzunguka vituo vingine. Unajua mdomo wake. Aliinyoosha dirishani, akasema kwa sauti ya kufurahisha watu, "Sista! Barua ya kaka yako, yule mtaalamu wa redioni!" Nadhani alitaka kututia moyo, wodi nzima ijue tuna mtu mkubwa.

Watoto tu ndio waliokuwa wakikohoa. Nikageuka, Mama Pacha alikuwa ananitazama. Hakupiga kelele. Alisema, "Kumbe." Mara moja tu. Akaendelea kumnywesha mtoto kwa kijiko.

Leo asubuhi amenijia. "Una karatasi?" Nikampa. "Andika wewe. Mikono yangu ina mtoto." Nimeandika alivyosema, neno kwa neno. Sikulainisha kitu. Ipo ndani ya bahasha hii.

Mdogo wako


Wodi ya watoto
Ijumaa, 11 Aprili

Mtaalamu,

Dada yako ndiye anaandika, mimi nasema.

Mimi ni fundi wa nguo. Redio yangu iko pembeni ya cherehani, inawaka kutwa. Wewe nimekusikiliza tangu kipindi cha kwanza walichokualika. Kile ulichofundisha habari ya mgongo, ukasema mtu anayekaa kazini kutwa aweke mto mdogo kiunoni na miguu iguse chini, nilikifuata. Nilishona mto mwenyewe, nikakata miguu ya kiti. Mgongo wangu ulikuwa unanisumbua miaka minne, ukapona. Nikamwambia mume wangu, huyu daktari anajua. Kwa hiyo uliposema habari ya chanjo, sikukuamini kwa ujinga. Nilikuamini kwa sababu ulishanisaidia.

Siku ile nilifika mpaka langoni. Nataka ulijue hilo. Sikuwa mvivu. Nilitembea na watoto wawili, kadi zilikuwa mkononi.

Wenzangu humu wanasema nikutukane. Sina nguvu hiyo. Nauliza moja tu, nami nataka unijibu kama unayezungumza na mtu aliye mbele yako.

Huko kwenu kuna mtoto mdogo? Yeye alingoja?

Mimi mama wa pacha. Dada yako ameniuliza kama aandike hivyo. Nimemwambia aandike hivyohivyo, bado mimi ni mama wa pacha.


Nyumbani
Jumatano, 16 Aprili

Mama,

Umeuliza moja, nami nakujibu hilo kwanza.

Yupo mtoto mdogo. Ni mjukuu wangu, binti wa mwanangu, tunaishi naye nyumba moja. Hakungoja. Alitimiza miezi tisa mwezi wa Januari, nami ndiye niliyempeleka, kwa sababu mama yake alikuwa kazini. Nilimpakata mwenyewe nikashika mkono wake asirushe. Ilikuwa chupa hiyohiyo mpya. Nilisoma karatasi yake yote kabla hajachomwa, nikaridhika. Yote haya yalikuwa wiki tano kabla sijaingia studio.

Kwa hiyo nilijua. Sikukosea kwa kutojua.

Utauliza basi kwa nini nilisema vile. Nimejiuliza hivyo kila siku tangu Machi, na jibu ni dogo mno hata naona aibu kuliandika mbele ya msiba wako. Aliponiuliza, jibu la kweli lilikuwa "chomeni". Lakini hilo kila muuguzi analisema. Mimi nilikuwa nimezungumza dakika thelathini na nane, mtangazaji anatikisa kichwa, ananiita bingwa. Nikataka nisikike kama mtu mwenye lake la kusema. Ilinichukua muda mfupi kuliko kukohoa. Kisha tukaagana, nikarudi nyumbani, nikambeba mjukuu wangu aliyekwisha kuchanjwa.

Hili sijamwambia mtu. Dada yangu hajui, atalijua kwa kusoma hapa. Redioni nilisema nilikosea. Sikusema kwamba wa kwangu nilishampeleka. Nilikuwa nachagua maneno ya kuniokoa mimi.

Sikuombi unisamehe, wala sikuombi unijibu. Barua hii ni yako. Ukiichoma sawa, ukimpa mtu aisome sawa, ukiipeleka popote sawa. Nimeweka sahihi yangu na jina langu lote chini, pamoja na kazi yangu, ambayo ni mifupa.


Kituo cha Afya
Alhamisi, 8 Mei

Kaka,

Nimekaa kimya wiki tatu kwa sababu sikujua nianze vipi. Bado sijui, lakini dereva anasubiri.

Jibu lako nilimkabidhi likiwa halijafunguliwa. Anajua kusoma vizuri. Alilisoma akiwa amekaa kitandani kwa mkubwa, kitanda kilichokuwa kitupu, kisha akanipa nilisome. Nilipofika pale pa mjukuu nikakumbuka. Kaka, yule mtoto mlinitumia picha yake na plasta pajani. Niliiona. Niliibandika juu ya meza yangu. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Alikaa na barua siku mbili. Tarehe ishirini na sita wakafungua mlango wa wodi. Mdogo alikuwa amepona, amekonda tu. Nikadhani tumeshaagana.

Siku ya kliniki iliyofuata nikasikia sauti langoni. Alikuwa amesimama palepale aliposimama Machi, mdogo mgongoni. Akina mama waliokuja kuchungulia tu, na waliokuwa wanapita kwenda sokoni, aliwasimamisha. Hakuhubiri. Alisoma barua yako toka juu hadi chini, pamoja na jina lako. Pale ulipoandika "hakungoja" alisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akasema, "Wa kwake alimpeleka. Mimi wangu niliwarudisha. Kila mtu sasa afanye anavyoona."

Usidhani ilikuwa muujiza. Mmoja alisema barua inaweza kuandikwa na yeyote. Mwingine akasema umelazimishwa hata hii. Wengine waliondoka. Lakini thelathini na saba waliingia siku ile, na wiki hii hamsini na wawili. Nilichoma hadi kidole gumba kikafa ganzi.

Mtangazaji wako amepata habari. Amepiga simu hapa kituoni, anataka muwe studio pamoja, wewe na huyu mama, ana kwa ana. Anasema wasikilizaji watalia. Nilimpelekea ujumbe Mama Pacha. Amejibu hivi: "Mwambie mimi si kipindi."

Nikamuuliza pia kama anakubali uje, kwa sababu najua umekuwa ukitaka. Alifikiri sana. Akasema, "Asije. Akija, watu watamtazama yeye." Basi usije. Najua ni vigumu kukaa hapo sebuleni na haya yote. Kaa. Na ile simu iwashe, wakikuita shujaa uwaambie ulichomwambia huyu mama, mmoja mmoja, hata wakikucheka.

La mwisho, kisha nafunga. Leo amemleta mdogo kumalizia chanjo zilizobaki. Foleni ilimfikisha kwangu. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto, kama ninavyowapokea wote. Amenisalimu vizuri, ameniita Sista kama zamani. Halafu akasogea pembeni, akampisha aliye nyuma yake, akangoja mpaka muuguzi mwenzangu alipokuwa huru, akampa yeye mtoto.

Mimi akanipa kadi. Nikaijaza.

Mdogo wako